Colin Chapman

Anthony Colin Bruce Chapman (Richmond, Uingereza, 19 Mei 1928 – East Carleton, Norfolk, 16 Desemba 1982) alikuwa mhandisi na mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus. Anajulikana kwa magari ya mbio, na pia kwa magari yaliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe nyumbani.

Maisha ya awali

Chapman alisomea uhandisi wa majengo katika Chuo Kikuu cha London (University College London). Akiwa bado mwanafunzi alifanya biashara ya magari yaliyotumika. Baada ya vita petroli iligawiwa kwa kipimo, na serikali ilipofuta mgawo wa magari ya kawaida mwaka 1947, biashara yake ilianguka. Alibaki na Austin 7 kuukuu isiyo na mnunuzi. Aliivua bodi na kuijenga upya katika gereji ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza.

Magari ya kuunganisha

Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus Engineering katika mabanda ya farasi nyuma ya hoteli iliyosimamiwa na baba yake, huko Hornsey, London. Gari lake la Mark VI liliuzwa kama fremu ya mabomba ya chuma na bodi ya alumini. Mnunuzi alijitafutia injini na sehemu nyingine, mara nyingi kutoka magari ya Ford. Gari la kwanza la aina hiyo liliharibika katika ajali ya barabarani mwaka huohuo, lakini takriban 100 yalitengenezwa baadaye.

Sababu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa kodi. Gari kamili lilitozwa kodi ya ununuzi, ila vipande havikutozwa mradi mwenye gari aviunganishe mwenyewe. Kwa njia hiyo kijana mwenye kipato kidogo aliweza kumiliki gari la kasi, lakini gharama yake ilikuwa jasho la miezi mingi, na kosa la kufunga breki au usukani lilikuwa hatari kwake mwenyewe.

Lotus Seven ilitoka mwaka 1957, ikiwa na uzito wa karibu kilo 500. Takriban 2,500 zilitengenezwa hadi 1972. Lotus Elite ya faibaglasi, iliyouzwa pia kwa vipande, ilisifiwa kwa umbo lake lakini iliitia kampuni hasara.

Tarehe 1 Aprili 1973 Uingereza ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, na nafuu ya vipande ikaisha. Mwaka huo haki za kutengeneza Seven ziliuzwa kwa Caterham Cars, iliyoendelea kuiunda. Lotus yenyewe iligeukia magari kamili ya bei ya juu.

Mashindano

Timu ya Lotus iliingia Formula One mwaka 1958 na kupata mataji 7 ya watengenezaji kati ya 1963 na 1978. Lotus 25 ya mwaka 1962 ilileta bodi isiyo na fremu ya mabomba, na Lotus 78 ya mwaka 1977 ilitumia hewa ipitayo chini ya gari kuligandamiza barabarani.

Kanuni ya Chapman ilikuwa kupunguza uzito kila inapowezekana. Wepesi huo ulileta ushindi, lakini pia lawama kwamba magari yake yalikuwa dhaifu. Mwaka 1960 gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka huko Spa, akavunjika miguu. Mwaka 1970 Jochen Rindt alikufa Monza akiendesha Lotus, akawa bingwa wa dunia baada ya kifo chake.

Kifo

Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 54, wakati fedha za mradi wa gari la DeLorean, ambao Lotus ilishiriki, zikichunguzwa. Magari ya mtindo wa Seven bado yanaundwa na wapenzi wake katika gereji za nyumbani.