Mwalimu Nyerere na maji ya ziwa yaliyofika Shinyanga

Juu ya kilima cha Mabale kuna tangi la maji linalobeba lita milioni 35. Maji hutoka Ziwa Victoria kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa, hupandishwa kilimani kwa pampu, kisha huteremka yenyewe kwenye mabomba kwenda Shinyanga na Kahama, safari ya zaidi ya kilomita 100. Wengi wetu tunajua kwamba mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009. Lakini mlango wake ulifunguliwa karibu miaka 50 kabla, na mmoja wa walioufungua hakuishi kuyaona maji hayo.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, si mbali na ziwa hilo hilo, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, kisha akaenda Tabora. Anayetoka ziwani kwenda Tabora hupita katika nchi ya Wasukuma, ambako kiangazi mito hubaki mchanga na akina mama hufukua visima kwa mikono. Baadaye alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU.

Uhuru ulipokaribia mwaka 1961, kulikuwa na jambo ambalo wananchi wengi hawakulisikia. Mwaka 1929 Uingereza ilikuwa imekubaliana na Misri kwamba katika nchi zilizo chini yake hakuna kazi itakayofanywa kwenye Mto Nile na maziwa yake ya kupunguza maji yaendayo Misri, bila Misri kukubali. Ziwa Victoria limo ndani ya makubaliano hayo. Tanganyika haikuulizwa. Je, nchi huru irithi ahadi kama hiyo?

Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge mwishoni mwa Novemba 1961 kwamba mikataba ya Uingereza na nchi moja moja itaendelea kwa miaka miwili tu. Katika muda huo itajadiliwa upya, na isiyokubaliwa itakufa. Alikuwa kama kijana aliyekabidhiwa nyumba ya baba yake na mlezi: madeni ya mlezi huyachunguza moja moja kabla ya kuyalipa. Wanasheria wa dunia hadi leo huuita msimamo huo kwa jina lake. Julai 1962 serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya Nile hayaifungi Tanganyika. Tuseme ukweli, wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, maana Mwalimu alikuwa amejiuzulu Januari ili akijenge chama. Alirudi Desemba akiwa Rais.

Haki ya kuchota ilipatikana, ila bomba halikujengwa. Mwaka 1971 serikali yake ilianza mpango wa miaka 20, kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Visima vilichimbwa na pampu zikafungwa. Kisha mafuta yakapanda bei, vita na Uganda vikaja, na pampu nyingi zikanyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri. Hapo tunaona Mwalimu alikosea hesabu: aliharakisha kufunga mitambo kuliko kuandaa watu na fedha za kuitunza. Aliondoka madarakani 1985, na mji wa Shinyanga ukaendelea kutegemea bwawa la Ning'hwa, ambalo hutegemea mvua.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Miaka michache baadaye serikali ilipoamua kuleta maji ya ziwa Shinyanga na Kahama, mkataba wa 1929 ulitajwa tena. Tanzania ilijenga, na kwa fedha zake yenyewe.

Mitambo ya Ihelele ilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa siku. Piga hesabu: maji yakitoka kwa kasi hiyo, tangi la Mabale lililojaa huisha kwa saa kumi na nusu hivi. Ndiyo maana umeme ukikatika kwa muda mrefu, mabomba ya mwisho wa mstari hukauka kwanza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.5 mkoani Shinyanga. Ya 2022 ilihesabu milioni 2.2. Kahama imetanuka kwa dhahabu na biashara, na bomba limeendelezwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Maji ziwani yapo, na ruhusa ya kuyachota haina mgogoro kwetu. Kinachopungua ni matangi ya kuyahifadhi karibu na watu, na katika vijiji vingi vilivyo pembeni mwa bomba, ndoo bado inabebwa kichwani kutoka lamboni.