Padre Le Roy na Safari ya Kilimanjaro



Baadhi yenu wa Handeni na Korogwe mnapanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: mlale Mandara, mlale Horombo, kisha Kibo, mita 4,720, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Mnaulizana kuhusu buti, makoti na michango. Sawa kabisa. Mimi naomba mumfahamu pia Padre Alexandre Le Roy.

Alizaliwa Normandy, Ufaransa, mwaka 1854, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1881, akafanya kazi huku pwani. Alijua kuchora, alikusanya mimea, na alipenda kujua watu wanamwelewaje Mungu.

Mwaka 1890 alifunga safari ya Kilimanjaro pamoja na Askofu Raoul de Courmont na Padre Auguste Gommenginger. Jamani, kupanga safari enzi zile si mchezo! Hakuna basi la Moshi. Ni miguu tu kutoka pwani. Msafara ulihitaji wapagazi, chakula, na nguo na shanga za kubadilishana njiani. Kulikuwa na hongo pia, ambayo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala.

Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wameshafika kileleni. Sifa ya kuwa wa kwanza ilikwisha kuchukuliwa. Mapadre hawa walitafuta mahali penye watu, wakapapata Kilema, kwa Mangi Fumba. Hapo ndipo ilipoanzia misheni ya kwanza ya Kikatoliki mlimani.

Halafu, mwaka 1892, Le Roy akateuliwa kuwa askofu wa Gabon, upande wa pili kabisa wa Afrika. Misheni ilikuwa bado changa. Akaenda. Padre Gommenginger na wengine wakaendelea kulima shamba hilo, na leo mizizi ya Jimbo la Moshi iko Kilema. Mwaka 1896 Le Roy akawa mkuu wa shirika lake lote hadi 1926. Alifariki mwaka 1938.

Kwenye falsafa tunasoma kwamba lengo hufikiwa mwisho, lakini ndilo huanza katika kupanga. Basi kabla ya buti, ulizaneni: tunapanda kwa ajili ya nini? Kama ni picha tu, itakuwaje kwa mwenzenu atakayeishiwa pumzi Horombo? Mtamwacha? Le Roy hakuvuna alichopanda, na bado safari yake ilitimia, kwa sababu lengo lilikuwa watu.

Maji ya Mto Pangani tunayoyaona Korogwe yanatoka pia Kilimanjaro. Mlima huo unatulisha hata sisi tusioupanda.

Kilema haiko mbali na Marangu. Wekeni siku moja kwenye ratiba, msali Misa pale kwanza, ndipo mwende getini. Roho Mtakatifu awaongoze. Amina.