Phil Katz, mwenye kubana mafaili ya dunia nzima, alikufa peke yake akiwa na miaka 37

Faili ya programu ambayo vijana wanapeana kwa Bluetooth, ile yenye kumalizika na APK, ukiichungulia ndani utakuta inaanza na herufi mbili: PK. Ni vile vile kwa maandishi ya Word yenye kumalizika na DOCX, na kwa karibu kila faili ya ZIP. Herufi hizo ni za mwanzo wa jina la Phil Katz, Mmarekani ambaye wengi wenye kutumia kazi yake kila siku hawajawahi kumsikia.

Phillip Walter Katz alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1962 mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, inchini Marekani. Alisoma mambo ya kompyuta kwenye chuo kikuu cha mji huo na kumaliza mwaka wa 1984.

Wakati ule intaneti haikuwa ya watu wote. Mwenye kompyuta ndogo aliyehitaji programu ya kupanga disketi zake, ya kuandika barua ao ya kurudisha faili iliyofutika, aliipigia simu kompyuta ya mtu mwingine na kuchukua programu kupitia laini ile ile. Nyingi zilikuwa za bure. Zingine zilikuwa za kujaribu: unaitumia, unawagawia marafiki, na ikikufaa unamtumia mwenyewe pesa kwa posta. Wengi hawakutuma kitu, lakini waliotuma walitosha kulisha waandishi wachache. Shida kubwa ilikuwa mwendo. Kwa kifaa cha biti 2,400 kwa sekunde, kuchukua disketi moja ya kilobaiti 360 kulimaliza karibu dakika 25, na simu ya mbali ililipwa kwa dakika. Ndiyo sababu kila faili ilibanwa kwanza.

Programu ya kubana iliyotumika sana ilikuwa ARC, ya Thom Henderson na kampuni yake SEA. Katz akatengeneza ya kwake, PKARC, yenye kufanya kazi ile ile kwa haraka zaidi. Mwaka wa 1986 alianzisha kampuni PKWARE, ikifanyia kazi nyumbani kwao, mama yake akimsaidia.

Mwaka wa 1988 SEA ilimpeleka mahakamani. Mtaalamu aliyelinganisha programu hizo mbili alikuta sehemu za PKARC zimenakiliwa kutoka ARC. Hata makosa ya maandishi ya Henderson yalikuwemo. Jambo hilo haliwezi kufichwa. Kesi ilimalizika kwa mapatano, na Katz akalipa zaidi ya dola elfu sitini. Hata hivyo watumiaji wengi walisimama upande wake, wakiamini kwamba ni kijana anayeonewa na kampuni kubwa. Kumbe SEA nayo ilikuwa kampuni ndogo ya kifamilia, na Henderson aliumizwa sana na chuki ya watu.

Ni baada ya kesi hiyo ndipo Katz alifanya jambo lililobakisha jina lake. Mwaka wa 1989 alitoa PKZIP, yenye muundo mpya wa faili, na pamoja nayo akaweka wazi maelezo yote ya muundo huo. Mtu yeyote aliweza kuandika programu yake ya kufungua na kubana ZIP, bila kuomba ruhusa wala kulipa. Yule aliyeshitakiwa kwa kuchukua cha mwenzake alitoa cha kwake bure. Kwa muda mfupi ARC iliachwa. Mwaka wa 1993 PKZIP ilipata njia bora zaidi ya kubana, inayoitwa Deflate, na leo njia hiyo inatumika hata kwenye picha za PNG.

Pesa ziliingia, kampuni ikakua, lakini Katz alikuwa mtu wa kujitenga na pombe ilimshika. Ofisini alionekana mara chache. Tarehe 14 mwezi wa nne mwaka wa 2000 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli mjini Milwaukee, kutokana na madhara ya ulevi wa muda mrefu.

Ikumbukwe kwamba PKWARE ingali inafanya kazi mjini humo, na maelezo ya muundo wa ZIP yangali yanapatikana bila malipo.