Muhammad bin Musa al-Khawarizmi na Hisabu ya Al-Jabr

Mara nyingi kijana arudipo kutoka skuli na daftari lake la aljebra, babaye hulitupia jicho akasema kuwa hizo ni hisabu za Kizungu, kisha humwacha apambane nazo peke yake. Baba huyo amesahau kuwa hata jina la elimu hiyo ni neno la Kiarabu, na kwamba alililetea dunia ni mwanachuoni wa Baghdad. Twaona yafaa wasomaji wetu wapate habari zake.

Muhammad bin Musa alinasibishwa na Khawarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Aliishi baina ya mwaka 780 na 850 hivi, na kazi zake alizifanya Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 198 hata 218 Hijria (813–833). Khalifa huyo alikuwa na shauku kubwa ya elimu, na katika Bait al-Hikma vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikuwa vikisomwa na kufasiriwa. Al-Khawarizmi alikuwa miongoni mwa watu wa nyumba hiyo. Alitunga majedwali ya falaki ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Akaandika kitabu cha sura ya ardhi, kinachotaja mahali pa miji, milima na mito. Akaandika na kitabu kingine cha kuhisabu kwa tarakimu za Kihindi, pamoja na sifuri yake.

Lakini kitabu kilichomtia katika midomo ya watu ni kile kifupi cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala, alichokitunga kwa kuhimizwa na Khalifa. Katika dibaji alieleza kuwa amekusudia yaliyo mepesi na yenye manufaa katika mambo ambayo watu hawana budi nayo: mirathi, wasia, kugawana mali, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Ndani ya kitabu hicho hamna alama hata moja kama zile tuzionazo katika vitabu vya skuli. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata hesabu zenyewe. Kile kisichojulikana alikiita kitu, au shina; na shina likizidishwa kwa nafsi yake alikiita mali.

Tuchukue mas'ala yake moja. Kumi imegawanywa mafungu mawili, na fungu moja likizidishwa kwa jingine hupatikana 21. Mafungu hayo ni yapi? Fungu la kwanza ni kitu. Basi la pili ni kumi kasoro kitu. Yakizidishwa, hutoka vitu kumi kasoro mali moja, na jumla hiyo ni sawa na 21. Hapa ndipo iingiapo al-jabr. Neno hili Waarabu hulitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Vile vitu kumi vimepungukiwa na mali moja, basi vinatimizwa kwa kurudishiwa mali hiyo, na upande wa pili nao huongezewa kadiri ile ile. Sasa mali moja na 21 ni sawa na vitu kumi. Ama al-muqabala ni kukabilisha pande mbili: ikiwa kitu cha jinsi moja kimo huku na huku, kile kichache huondolewa pande zote mbili, na maneno yakabaki machache.

Kisha hutazama idadi ya mashina, nayo ni 10. Nusu yake ni 5. Tano mara tano ni 25. Ondoa 21, husalia 4, na kipeuo chake ni 2. Toa 2 katika 5, upate 3. Au ongeza, upate 7. Majibu yote mawili ni sahihi, naye aliyataja yote mawili bila ya kusitasita. Aliongeza kuwa kama ile 25 ingalikuwa ndogo kuliko hesabu iliyotajwa, mas'ala hayo yangalikuwa muhali.

Mwanafunzi wa leo huihamisha hesabu yote upande mmoja akaandika x² − 10x + 21 = 0, kisha akaipasua katika mabano mawili: (x − 3)(x − 7) = 0. Kwa kuwa vitu viwili vikizidishwa havitoi sifuri illa kimoja chao ni sifuri, x ni 3 au ni 7. Njia hii ya mabano na sifuri ilidhihiri Ulaya katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, kilichopigwa chapa mwaka 1631. Lakini tazama afanyalo kijana huyo atafutapo mabano yake: anatafuta hesabu mbili ambazo jumla yake ni 10 na zikizidishwa ni 21. Ni swali lile lile la mafungu mawili ya kumi!

Nasi twasema kuwa ile njia ya nusu ina nguvu zaidi. Mabano ni mepesi pale hesabu zinapokubali. Badili 21 iwe 20, nawe utahangaika kutwa usipate hesabu kamili mbili; lakini 25 ukiondoa 20 husalia 5, na jibu ni 5 pamoja na kipeuo cha 5, au 5 kasoro kipeuo hicho. Wengi huteleza hapa pia: huona mabano mawili yaliyo sawa na 6, wakalifanya kila bano sawa na 6. Hukumu ile ni ya sifuri peke yake.

Al-Khawarizmi hakuziingiza hesabu zilizo chini ya sifuri, na kwa hiyo ilimlazimu kuyapanga mas'ala katika namna sita, ambapo leo namna moja yatosha. Hata hivyo hakutaka msomaji amwamini kwa neno lake tu. Mali moja na mashina 10 zikiwa sawa na 39, yeye huchora mraba, akauambatisha vipande viwili vya upana wa 5 ubavuni, akaonyesha pembe iliyo wazi, nayo ni 25. Pembe ikizibwa, mraba mkubwa huwa 64, ubavu wake 8. Toa 5, shina ni 3. Hata fundi seremala angeweza kulipima jambo hilo kwa kamba.

Karibu nusu ya kitabu ni mas'ala ya wasia na mirathi, sehemu ambayo wasomaji wengi wa Ulaya waliiruka. Humo mna mtu aliyekufa akaacha wana wawili, dirhamu 10 mkononi, na dirhamu 10 anazomdai mmoja wa wana hao, naye ameusia thuluthi ya mali kwa mtu wa nje. Ni kiasi gani kihesabiwe katika lile deni? Al-Khawarizmi hukiita kitu, akafuata njia yake hata akapata 5. Basi zile 10 zilizopo hupewa aliyeusiwa 5 na mwana wa pili 5, na mwenye deni hapewi kitu mkononi, bali fungu lake la 5 limo katika deni alilokuwa nalo. Mwenye kukosea hapo humdhulumu mtu, na aliyedhulumiwa huenda asijue kamwe.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini huko Segovia katika Hispania, na baadaye Gerard wa Cremona akakifasiri tena. Wafasiri hao hawakuigusa sehemu ya wasia. Jina la mtungaji nalo, kwa kupita katika ndimi za Walatini, likageuka Algoritmi, na kutokana nalo likapatikana neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua, ambao ndio uziendeshao kompyuta zote. Nuskha moja ya Kiarabu iliyonakiliwa mwaka 743 Hijria (1342) imehifadhiwa Oxford, na kutokana nayo Frederic Rosen alikipiga chapa kitabu kizima mjini London mwaka 1831, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, pamoja na wasia na mirathi yake.