Shekhar Mehta: Gwiji wa Safari Rally aliyeanza kung'aa na Datsun 240Z

Shekhar Mehta, dereva aliyetwaa taji la Safari Rally mara tano, alipata ushindi wake wa kwanza bila kumzidi mpinzani wake hata kwa alama moja.

Ilikuwa Aprili 1973. Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote wakiendesha magari ya Datsun, walimaliza mbio wakiwa na alama sawa za adhabu. Waamuzi walitazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa, na Mehta akatangazwa mshindi pamoja na mwelekezi wake, Lofty Drews.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia tajiri yenye asili ya Kihindi. Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini humo. Mehta alihamia Kenya, na miezi michache baadaye nchi iliyompokea ikamshangilia.

Datsun 240Z iliyompa taji hilo ilikuwa gari la michezo la milango miwili, lenye injini ya lita 2.4 na silinda sita. Magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yaliyolisukuma. Magari ya Rally1 yaliyoshindana Naivasha kati ya 2022 na 2024 yalikuwa na injini ndogo zaidi, ya lita 1.6. Lakini kwa msaada wa turbo na mota ya umeme, yalifikisha takriban nguvu farasi 500, zikigawanywa kwa magurudumu yote manne. Kwa kasi, gari hilo kongwe haliwezi kufua dafu.

Hata hivyo, kazi ya magari hayo haikuwa moja. Enzi za Mehta, madereva walikimbia takriban kilomita 5,000, usiku na mchana, katika barabara zilizokuwa wazi kwa mabasi, malori na mifugo, tena wakati wa masika. Mashindano yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, barabara za mbio zilifungwa, na hadi 2025 hatua zinazopimwa muda hazikufika kilomita 400. Shabiki wa Garissa anayetaka kuyaona kwa macho yake husafiri zaidi ya umbali huo kufika Naivasha.

Mehta mwenyewe alithibitisha kwamba Safari haikushindwa kwa kasi pekee. Mataji yake manne yaliyofuata, mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, aliyapata na mwelekezi Mike Doughty katika Datsun Violet, gari lililotokana na saluni ya kawaida ya familia. Idadi hiyo ya mataji ilifikiwa na Carl Tundo mwaka 2018, wakati ambapo Safari haikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1987, ajali mbaya katika mbio za Pharaohs nchini Misri ilikatiza safari yake ya udereva. Baadaye aliongoza tume ya mbio za magari ya shirikisho la kimataifa, FIA.

Mehta alifariki jijini London Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Hakuwahi kuona ubingwa wa dunia ukirejea katika ardhi iliyompa makao mapya na jina.