Bwana Pilkington na Kitabu cha Sikukuu

Shule inapokaribia kufungwa mwezi wa Desemba, wengi wetu hukimbilia maktaba kutafuta kitabu cha kusoma siku za Krismasi. Mmoja huchukua hadithi za Dickens, mwingine Alfu Lela Ulela, na mwingine hachukui kitu, maana ajua kwamba nyumbani ng'ombe wanamngoja. Lakini katika nyumba nyingi za Buganda kitabu cha sikukuu ni kile kile tangu zamani za babu zetu, nacho ni Biblia ya Kiganda. Yafaa basi tumjue George Lawrence Pilkington, aliyefanya kazi kubwa ya kuifasiri.

Alizaliwa Ireland mwaka 1865. Alisoma Cambridge akafaulu sana katika Kiyunani na Kilatini, hata angaliweza kukaa kwao akapata cheo kizuri. Hakukaa. Alisafiri pamoja na Askofu Tucker, wakavuka ziwa kwa mashua, wakafika Mengo tarehe 27 Desemba 1890, Krismasi imekwisha pita siku mbili. Waliikuta nchi ina wasiwasi mwingi. Kapteni Lugard alikuwa amewasili siku chache kabla yao, na watu wa dini mbalimbali walikuwa wakitazamana kwa bunduki.

Siku hizo vitabu vya Kiganda vilikuwa vichache mno. Wasomaji wa kwanza wengi walijifunza kwa Injili za Kiswahili zilizotoka Unguja, na wenzangu wanaodharau ukurasa huu wa Kiswahili wangefaa kukumbuka jambo hilo. Hata jina la Krismasi kwa Kiganda, Ssekukkulu, si lingine ila sikukuu yetu.

Pilkington alikuwa na sikio la ajabu kwa lugha. Mwaka 1892 kilitoka kitabu chake cha kufundishia Kiganda, naye alikuwa hajamaliza miaka miwili nchini. Lakini asingeweza kufasiri peke yake. Mwenzi wake alikuwa Henry Wright Duta Kitakule, Muganda aliyebatizwa Unguja, mtu mwenye akili nyingi. Pilkington alijua Kiyunani, Duta alijua jinsi Muganda anenavyo. Neno lisilopendeza sikio la Duta lilitafutiwa jingine. Mimi naona sifa ya Duta hutajwa kidogo kuliko inavyostahili. Agano Jipya lilimalizika mwaka 1893, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1896. Chapa ile ilikuwa fupi na nene kama tofali dogo, ipate kuingia katika mkebe wa biskuti, mchwa wasiile!

Mtu asidhani kwamba kazi ilikwenda bila taabu ya moyo. Mwaka 1893 Pilkington alijiona hafai kitu, akafikiri hata kuiacha kazi. Alikwenda peke yake kisiwa cha Kome, huko kusini ya Ggaba yetu, ambako wavuvi huenda hata leo. Aliporudi Mengo mwezi wa Desemba alikuwa mtu mwingine. Alisimama mbele ya watu akaungama udhaifu wake, na kanisa likajaa kila asubuhi. Tangu hapo walimu wa Kiganda walitumwa vijijini, zikajengwa nyumba za kusomea mahali pengi, za matete na nyasi tu. Watu walinunua vitabu kwa simbi, na waliokosa nakala walikizunguka kitabu kimoja, hata wengine wakazoea kukisoma kichwa chini miguu juu.

Septemba 1897 askari Wasudani wa serikali waliasi, wakajifungia katika boma la Luba huko Busoga. Waganda wengi walikwenda vitani, na Pilkington akafuatana nao awe mkalimani. Ilionekana kwamba waasi hawatatoka madhali wana chakula, kwa hiyo watu walipelekwa kufyeka migomba iliyozunguka boma. Katika kazi hiyo, tarehe 11 Desemba, Pilkington alipigwa risasi akafa. Siku ile ile aliuawa pia Luteni Macdonald, ndugu wa mkuu wa jeshi.

Pilkington alikuwa na umri wa miaka 32, na Krismasi ilibakiwa na majuma mawili. Alizikwa kule kule Luba, na baadaye mwili wake ukaletwa Namirembe.