Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyefundisha msamiati kwa hadithi

Katika mtaa wa Mapendo, mjini Goma, mtoto anaweza kuzungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku bila kufungua kitabu hata kimoja cha lugha hiyo. Anakisikia kwa mama yake, sokoni, kwa madereva wa pikipiki na kwa wenzake wanaocheza mpira. Shuleni, mahali ambapo watu wa mji huo hupaita masomo, hukutana nacho katika madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa huchukua nafasi.

Matokeo yake ni kijana mwenye Kiswahili tele mdomoni na kichache machoni. Akipewa riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam au Nairobi, anaelewa mwendo wa kisa, lakini kila baada ya mistari michache anakutana na neno ambalo hajawahi kulisikia nyumbani. Hapo ama anakifunga kitabu, ama anaendelea na kuacha kisa chenyewe kimfundishe.

Kwa kijana anayechagua kuendelea, ni waandishi wachache wa Kiswahili wanaofaa kama Shaaban Robert, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Wayao, watu wa bara. Hata hivyo, mtoto huyo alikulia pwani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya maisha yake yote.

Masomo yake ya darasani hayakuwa marefu. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akapata cheti cha kumaliza shule, na safari yake ya shule ikaishia hapo. Hakwenda chuo kikuu, na Tanganyika ya wakati huo haikuwa nacho.

Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Alifanya kazi hiyo hadi 1944, akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, Pangani ikiwa mojawapo. Baadaye alipelekwa idara inayoshughulika na wanyama huko Mpwapwa, kisha akarudi Tanga, alikofanya kazi katika ofisi ya wilaya na hatimaye ofisi ya upimaji ardhi.

Mchana aliandika hesabu na barua za serikali. Mashairi, insha na hadithi aliziandika katika saa zilizobaki. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, ambazo baadaye zilikusanywa na kuchapishwa, zinamwonyesha mtu aliyehangaika na mshahara, uhamisho, familia na miswada yake kwa wakati mmoja.

Vitabu vya hadithi alivyovikuta kijana wa Tanganyika aliyependa kusoma katika miaka hiyo vilikuwa vichache, na vingi vilitoka kwa Waingereza. Mwaka 1929, kwa mfano, kilitoka Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya hadithi ya maharamia ya Robert Louis Stevenson. Vijana walijifunza maneno ya merikebu na bahari kwa kumfuata mtoto wa Kiingereza akitafuta dhahabu.

Wakati huohuo lugha yenyewe ilikuwa ikipangwa upya. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kiswahili cha huko, kilichoitwa Kingwana, kiliendelea na njia yake. Huo ni mmoja wa mizizi ya pengo analokutana nalo leo msomaji wa Mapendo.

Shaaban Robert alikuja kuwa mjumbe wa kamati hiyo. Lakini mchango wake mkubwa kwa msamiati haukutoka kwenye vikao. Ulitoka kwenye hadithi.

Mwaka 1951 kilichapishwa Kusadikika, kisa cha nchi inayoelea angani. Humo kijana Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria. Anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi mambo mema, wakarudi na kutupwa gerezani.

Majina ya wajumbe hao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Msomaji asiyejua kuwa buruhani ni hoja au ushahidi, kwamba auni ni msaada, au kwamba ridhaa ni kukubali kwa moyo, hahitaji kuinuka kutafuta kamusi. Analikuta neno likitembea, likisema, likiteswa na kurudi tena ukurasa unaofuata. Likimtoka kichwani mara ya kwanza, la pili linabaki.

Ni hivyo pia kwa maneno ya baraza. Kijana wa Goma ambaye amezoea kumwita wakili kwa jina la Kifaransa anaanza kusikia mashitaka, mshitakiwa, utetezi na hukumu. Hayapati katika orodha ya kukariri, bali ndani ya kesi ambayo anataka kujua mwisho wake. Hamu hiyo ya kujua kama Karama ataponea ndiyo inayoyabeba maneno.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze, hadithi ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wameisoma. Rai, mfalme wa Ughaibu, anaambiwa kwamba Adili, liwali wa Janibu, huwapiga manyani wawili kila usiku ingawa anasifika kwa huruma. Inabainika kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea.

Kamusi ingesema kwamba hasidi ni mtu anayechukia kuona mwenzake amefanikiwa. Kisa kinamwonyesha ndugu anayemtosa baharini ndugu yake aliyemfadhili. Msomaji wa miaka 13 au 14 akishafika hapo, neno hilo halimtoki tena, na akilisikia mtaani anajua uzito wake.

Mtindo wa mwandishi ulisaidia pia. Alipenda kulifuatisha neno gumu na jingine la maana ya karibu, au kulizungushia mifano na tashibihi mpaka likaeleweka. Wakati mwingine aliunganisha maneno mepesi kupata jipya. Utubora, jina la mkulima anayeacha kazi ya mjini na kurudi shambani, ni utu na ubora vilivyowekwa pamoja. Mtoto akilipasua jina hilo, amejifunza pia jinsi Kiswahili kinavyounda maneno.

Haja ya kuwafundisha vijana haikuwa jambo la mbali kwake. Alifiwa na mkewe Amina na kuachiwa watoto wa kulea. Kwa binti yake Mwanjaa na mwanawe Suleiman alitunga tenzi za mawaidha, urithi wa maneno kutoka kwa karani ambaye hakuwa na mali nyingi ya kuwaachia. Katika wasifu wake, Maisha Yangu, msiba huo umeelezwa kwa utulivu unaomgusa msomaji hadi leo.

Heshima zilimfikia akiwa hai. Alipata tuzo ya fasihi ya Margaret Wrong na nishani ya Uingereza ya MBE. Lakini kuchapisha hakukuwa rahisi, na baadhi ya kazi zake zilibaki katika miswada.

Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa Machui. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata mwaka 1968. Vijana waliovisoma kwa mara ya kwanza walikuwa raia wa nchi huru aliyoishi kidogo tu ndani yake.

Tangu hapo ramani ya lugha imebadilika. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili ni lugha rasmi. Mtu anayekisoma na kukiandika vizuri ana mlango uliofunguka kutoka Goma hadi Dar es Salaam, na anayekizungumza tu anabaki akisomewa na wengine.

Kiswahili cha Mapendo si kibovu, na hakihitaji kutupwa ili kingine kiingie. Ni mtaji ambao mtoto huyo tayari anao: vitenzi, methali, mwendo wa sentensi. Kinachopungua ni maneno ya kitabuni, na hayo hupatikana kwa kusoma kisa kimoja hadi mwisho, kisha kingine.

Mtoto wa mtaa huo ana hata mfano wa kuanzia. Jina la mtaa wake limetokana na kupenda, kama vile jina la Hasidi lilivyotokana na husuda. Akiliona hilo, ameshaanza kusoma majina kwa namna ambayo Shaaban Robert aliwataka wasomaji wake wayasome.